Panga Waliloliita Silaha

Mjukuu wangu Chebet,

Salamu nyingi kutoka Merigi. Sisi tuko wazima. Babu yako anakohoa kidogo, na yule ng'ombe mweusi amezaa. Umeniuliza tulikubali vipi majirani wafukuzwe miaka ile ya tisini. Nitakuambia yangu.

Akinyi alikuwa jirani yetu, mama wa kutoka upande wa ziwani, na tuliimba pamoja kwaya ya kanisa. Kila wiki kwenye baraza chifu alituambia watu wa kwao wanaficha silaha. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikawa nachungulia boma lake nikienda kuchuma majani chai.

Asubuhi moja askari walikuja wakamtoa nje. Nilisimama na wengine nikasema, tena kwa sauti, "Hawangekuja bure." Kisha mkubwa wao akainua panga.

"Silaha ndiyo hii," akasema, na watu wakatikisa kichwa kukubali.

Chebet, lilikuwa panga langu. Nilikuwa nimemwazima Jumamosi akate nyasi za ng'ombe. Nikajisogeza nyuma ya wengine.

"Umelitoa wapi?" askari akamuuliza.

Akinyi aliniangalia. "Ni langu," akasema.

Wakampandisha kwenye lori. Hajarudi mpaka leo. Mimi niliyemjua miaka yote niliamini maneno ya baraza, na yeye, aliyesikia vile nilimsema, alinificha. Bado nashangaa.

Nakuombea huko uliko,
Kogo wako