Nilimsifu Rama kwa Kufagia Uwanja

Jumapili, jioni. Mvua imeinyeshea Jinja tangu adhuhuri, na sare za shule ninazopaswa kuzimaliza ziko palepale kwenye cherehani. Nimerudi jana kutoka Mbale. Sina hamu ya kazi wala ya chai, na mimi si mtu wa kukataa chai.

Badala ya kushona nimesoma nilichoandika hapa mwaka jana, mdogo wangu Rama alipoacha jeshi na kuhamia kwangu na mkewe Nambozo na binti yao Salma. Anayenisoma tangu zamani atakumbuka. Nilitia picha ya uwanja wetu hapa Nalufenya, umefagiliwa hata ukidondosha sindano utaiona. Nikaandika kwamba majirani waje wajifunze, hivi ndivyo anavyofagia mwanamume aliyelelewa kambini. Pongezi zilimiminika. Mama mmoja wa Buwenge akauliza kama kaka huyo anatafuta mke wa pili.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana.

Rama niliyemjua mimi hakuwa mtu wa ufagio. Alikuwa mtu wa kuacha ndala katikati ya mlango, ujikwae nazo, kisha akuulize huoni? Akirudi nyumbani alipiga mluzi tangu kona ya duka, ili tukitega masikio tujue ni wakati wa kuweka birika motoni. Alipigana Somalia, akarudi mzima, na majuma ya kwanza mluzi ulikuwapo.

Halafu, ndani ya siku chache tu, akabadilika.

Mluzi ulikoma. Sisi Wanubi tunakula pamoja, mikono yote kwenye sinia moja. Yeye akaanza kuchota wali wake kwenye bakuli na kula amesimama, mgongo ukutani, macho langoni. Kila asubuhi, kabla hatujaamka, alifagia. Aliokota kila kopo, kila chupa, kila kitambaa kilichoanguka njiani kati ya lango na mlango. Alivipeleka shimoni mwenyewe na hakutaka mtu amsaidie.

Siwezi kusema sikuona. Niliona yote, na kila jambo nililipa jina lake. Kula peke yake nikakuita maringo ya mtu aliyeona nchi za watu. Kunyamaza nikakuita utu uzima. Kufagia, basi, huko ndiko nilikokutangaza dunia nzima.

Ningemwuliza. Lakini kwetu askari haulizwi.

Hilo lazima nilieleze, maana mtu asiyezaliwa kambini atanishangaa. Baba alikuwa askari, na babu kabla yake. Hapa mjini wapo ambao mpaka leo wakitusikia tunasema Kiswahili, lugha ya jeshi hapa Uganda, hugeuka kutazama kama kuna mtu amebeba bunduki. Mama alitufundisha sheria moja: askari akirudi, mpe maji ya moto ya kuoga, mpikie, funga mdomo. Akitaka kusema atasema. Baba hakutaka kusema hata siku moja, na sisi tukaona fahari kuwa na baba wa namna hiyo. Alilala kwenye mkeka karibu na mlango miaka yote, kitanda kipo. Mama hakuwahi kumgusa ili kumwamsha. Alisimama mbali, akaita, "Afande, kumekucha," akangoja. Mimi nilidhani ile ni heshima ya mke kwa mume, na nilipoolewa nilijaribu kumwiga. Mume wangu, fundi wa baiskeli, alidhani nimechanganyikiwa.

Basi nikamtunzia Rama sheria ya mama. Nilimpikia, nikafunga mdomo. Nilijiona dada wa kupigiwa mfano.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, wageni wamejaa uwanjani, tunasoma dua ya kumkumbuka marehemu mama. Salma, miaka sita, alikuwa akicheza karibu na lango. Sijui kopo la maziwa ya unga lilitoka wapi, labda kwa jirani. Nilichokiona ni mtoto akikimbia alipige teke na Rama akiruka kutoka mlangoni. Alimwangukia Salma kwa uzito wake wote. Tulisikia mkono wa mtoto ukivunjika.

Wote tuliona mwanamume mzima akimshambulia mwanawe.

Wanaume walimvuta, akabaki amechuchumaa, jasho linamtoka. Na mimi, dada yake mkubwa, niliyemfunga nepi, nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Baba alipigana vita vingi kuliko wewe, na hakutuletea vita nyumbani."

Rama aliniangalia. Akaingia ndani kufunga nguo zake. Siku ya pili, mkono wa mtoto ukiwa umefungwa plasta, Nambozo aliwachukua wote wawili akaenda nao kwao Mbale. Sikuwazuia. Nilisema watu wapumzike kidogo. Miezi minane imepita nikiita huko kupumzika.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililoninyima raha leo. Tukiwa tunangoja hospitalini siku ile, Salma alikuwa ananivuta nguo kwa mkono wake mzima, anarudia neno lilelile: "Shangazi, baba alinifunika." Nilimwambia anyamaze, asimtetee. Akarudia. Nikamwambia tena anyamaze, mara hii kwa ukali.

Mtoto wa miaka sita aliona kilichotokea. Mimi niliona aibu yangu mbele ya wageni.

Alhamisi Nambozo alinipigia simu. Alisema, wifi, mtoto anakuulizia, njoo. Hakusema Rama ananiulizia, na mimi sikuthubutu kuuliza. Jana nilifika kwao, nje kidogo ya mji, mlima umejifunika mawingu. Rama alikuwa shambani kwa mkwewe akipalilia vitunguu. Alinisalimia kama anavyosalimiwa mgeni, mikono yote miwili, akarudi kwenye jembe lake.

Nambozo aliniketisha jikoni tumenye ndizi. Yeye ni Mgisu, Kiswahili alijifunzia sokoni, na wakati nikiwa na jeuri yangu nilikuwa namsahihisha. Jana nilinyamaza nikasikiliza. Akasema, "Mimi niliuliza yeye tu. Nilisema, baba Salma, kwenye kopo kulikuwa na nini?"

Ndiyo hayo. Swali moja, la mwanamke asiyejua sheria za kambi.

Rama alimjibu siku ile ile. Kule alikokuwa, bomu liliweza kufichwa ndani ya kitu chochote kilichotupwa njiani. Rafiki yake, waliyelala hema moja, alilipiga teke kopo kwa mchezo tu, kama mtoto. Rama alikuwa nyuma yake, hatua chache. Hakuwahi kumfikia kabla halijalipuka. Sasa anakwenda kwa daktari hospitalini kila baada ya majuma mawili, na wapo wenzake wanaokaa pamoja kuzungumza. Siku nyingine anarudi ana nafuu, siku nyingine anarudi hataki kuongea na mtu. Kwenye sinia hajarudi, ila siku hizi anaketi.

Niliendelea kumenya ndizi na kisu kikanikata kidole. Nambozo aliniambia machozi yasidondoke kwenye chakula, maana chumvi ameshatia. Nilicheka nikilia. Kwa kweli yule ni wifi, na mimi nilikuwa namsahihisha Kiswahili.

Alasiri Rama alinisindikiza barabarani. Salma alikuwa katikati yetu, mkono umepona, umepinda kidogo tu pale juu ya kifundo. Njiani palikuwa na chupa ya soda, ya plastiki, imelala ubavu kwenye majani. Rama akasimama. Kwa desturi yangu ya kupenda usafi nikainama niiokote, akanishika mkono. Hakunibana, alinishika tu, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Iache, dada."

Zamani ningesema, chupa tu hiyo, Rama, usiwe mtoto. Jana niliiacha. Tukaizunguka sote watatu, tukapita mbali nayo. Salma hakushangaa hata kidogo, anajua njia ya kupita.

Tulipofika lami nilimgeukia. Nikamwomba radhi kwa lile neno nililosema siku ya dua. Nikamwambia kwamba hata baba alituletea vita nyumbani. Vilikuwa vinalala mkekani karibu na mlango, na sisi tulikuwa tunaviruka kwenda shule. Halafu nikamwuliza, ndugu yangu, ilikuwaje huko?

Alitazama barabara.

"Leo siwezi, dada," akasema. "Lakini usiache kuuliza."

Hayo tu. Akamshika Salma mkono wakarudi, na mluzi haukusikika. Nilitega sikio mpaka walipopotea kwenye migomba.

Ile picha ya uwanja msafi sitaifuta, wala maneno niliyoandika chini yake. Anayetaka kunicheka anicheke. Huenda yuko mtu anayeyasoma huku ana ndugu aliyeanza ghafla kufagia, au kunyamaza, au kula amesimama, naye anamsifu kama mimi.

Mvua imekatika. Kesho nitamalizia sare za watu, na kabla sijagusa cherehani nitampigia Rama. Nikimpata, nitamwuliza. Akisema si leo, nitamwuliza Jumatatu nyingine. Kisha nitaomba Salma apewe simu, kwa sababu naye lazima nimwombe radhi: alisema kweli mara mbili, na mara zote mbili nilimnyamazisha.