Maneno Yasiyoachana

Kibokoni, Mombasa
12 Februari 1995

Kwa mwanangu Mejumaa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii yakukuta na afya na utulivu. Ukiniuliza mimi, sijambo, sina la kulalamika ila joto la mwezi huu, na hilo walijua.

Najua utashangaa kuiona hati yangu baada ya miaka mitatu. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Nakuandikia kwa kazi. Tangu nistaafu ualimu pale Ganjoni nimekuwa nikikusanya maneno ya Kiingereza, si moja moja, bali yale yatembeayo pamoja. Wakumbuka ulivyokuwa ukinichosha ulipokuwa mwanafunzi? Maneno yote ulikuwa nayo, na bado insha yako yasomeka kama ya mgeni. Ni kwa sababu kila neno lina mwenziwe. Mvua ya Mwingereza ni nzito, "heavy rain". Yetu sisi ni kubwa. Chai yake ina nguvu, "strong tea", utadhani ni kuli wa bandarini. Akija kukutembelea, ziara huilipa, "pay a visit", kama nauli. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndivyo wasemavyo, basi. Nayaokota magazetini, redioni, na kwa watalii wapitao chini ya dirisha langu wakigombana juu ya ramani.

Kila jozi nimeiandika kwenye kadi niliyoikata kutoka boksi la majani chai. Mbele ni jozi yenyewe, nyuma ni sentensi ya kuonyesha itumikavyo siku hadi siku. Zimepita elfu moja. Nasikia wewe ni mpiga chapa katika kiwanda cha vitabu huko Nairobi, na kwamba mna kompyuta. Mhariri wenu akikubali, nataka kiwe kitabu cha wanafunzi. Nakutumia debe la kwanza kwa basi, A mpaka L. Sina nakala nyingine, kwa hivyo lichunge.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanarusi


Nairobi
5 Machi 1995

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya asubuhi bado sijaizoea. Wewe je, magoti yanakuachia ukapanda ngazi?

Barua yako niliiweka mezani siku nzima kabla ya kuifungua. Niliiogopa. Nilipoona ni habari ya mvua nzito na chai yenye nguvu nilicheka peke yangu, kisha nikalia. Debe limefika salama. Nimemwonyesha mhariri kadi chache na amesema tuendelee, kwa hivyo kila jioni nikimaliza kazi ya watu nakaa nusu saa na kazi yako.

Lakini niseme lililo moyoni. Umeandika ukurasa mzima na hukumtaja Benard. Nilipokwambia nataka kuolewa na karani wa reli, Mkristo kutoka Machakos, ulinisimamia mlangoni ukaniambia niende na nisirudi. Nilienda. Wewe ndiwe uliyenilea tangu baba alipofariki, na hakuna siku inayopita bila mimi kukuwaza. Nataka kuja, Shangazi. Lakini sitaingia nyumba ambayo mume wangu hana jina. Siku utakapoliandika jina lake kwa mkono wako, tutapanda gari moshi sote wawili, na sitauliza lolote jingine.

Mwanao,
Mejumaa


Kibokoni, Mombasa
3 Septemba 1995

Kwa mwanangu Mejumaa,

Assalaam alaykum. Usinione kimya ukadhani nimesusa. Mimi sijambo. Macho yananisumbua kidogo, si kitu, ni uzee na hati ndogo za magazeti. Siku hizi gazeti nasomewa na Masha, mwalimu mmoja kutoka Kaloleni aliyepanga chumba cha chini. Ni mtu mwema, ila husoma kama anahutubia baraza la chifu. Hata habari ya mbuzi aliyepotea mtaa mzima utaisikia.

Nakutumia debe la pili, M mpaka Z. Ndilo la mwisho. Nimelifanya haraka kidogo, na kadi nyingine utaona mistari imepinda, utanisamehe. Nina ombi moja tu. Zisome kwa utaratibu, hasa hizi za mwisho mwisho. Kuna nyingine niliifikiria wiki nzima kabla ya kuiandika.

Kuhusu lile uliloniandikia, nimelisoma. Nimelisoma mara nyingi. Katika barua hii sina la kuongeza.

Disemba nipo nyumbani. Sendi popote.

Shangazi yako,
Mwanarusi


Nairobi
20 Novemba 1995

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hujambo. Sisi tu wazima. Masha mwambie apunguze sauti, atakupasua masikio kabla ya macho.

Kazi imekwisha! Naambatisha kurasa zote zilizopigwa chapa. Kuna jambo moja nililibadilisha, na natumai hutaudhika. Mhariri alizipenda sana jozi zako, lakini alisema sentensi za nyuma ni za huzuni mno kwa watoto wa shule, akaniambia nitunge nyingine. Basi nimezitunga. Penye "strong tea" nimeweka mfanyakazi anayekunywa chai kabla ya kwenda shambani. Penye "pay a visit" waziri amezuru kiwanda. Kwa debe la pili, na hizo mbili zimo, sikuona haja ya kuzigeuza kadi kabisa. Nilinakili jozi za mbele, nikatunga sentensi zangu, na kazi ya miezi mitatu nikaimaliza kwa wiki nne. Mhariri amenisifu.

Disemba hatutakuja. Barua yako ya Septemba niliisoma nikitafuta jina moja tu, na sikuliona. Si kwamba nakulazimisha. Ila usiseme sikukwambia.

Mwanao,
Mejumaa


Kibokoni, Mombasa
10 Januari 1996

Kwa Mejumaa,

Assalaam alaykum. Kurasa nimezipokea. Sentensi zako ni safi. Waziri kuzuru kiwanda, sawa. Watoto watafaulu.

Mimi sijambo. Kadi sina haja nazo tena, zitupe.

Mwanarusi


Nairobi
26 Mei 1996

Shangazi yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Sijui hali yako na sitajifanya naijua. Nimekuandikia Februari na Machi na sikupata jibu, nikajiambia umeniudhikia kwa ajili ya zile sentensi, utatulia.

Kadi sikuzitupa. Zilikuwa juu ya kabati. Jumapili iliyopita nilikuwa nafua, na Benard aliyateremsha madebe apate nafasi ya kuweka makaratasi yake ya reli. Nilipoingia nilimkuta amekaa sakafuni, kadi zimemzunguka, kila moja ameigeuza nyuma. Akaniuliza, "Mama huyu wa kwenye kadi ni nani? Kitabu kizima kina mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe anangoja." Nikamwambia hizo ni sentensi za mfano, za kufundishia. Akanipa kadi moja mkononi. "Basi mimi nafanya nini humu?"

Ilikuwa "warm welcome". Waingereza makaribisho yao yana joto. Nyuma, kwa hati yako iliyopinda, umeandika kwamba Benard akija katika nyumba hii atapokewa kwa makaribisho yenye joto, na kwamba aliyemfungia mlango anaona haya.

Shangazi, uliliandika. Uliliandika Septemba, nami nilikuwa nalo juu ya kabati langu miezi minane.

Tulikaa chini tukazisoma zote, mimi namfasiria Kiingereza chako kwa Kiswahili pale anapokwama. "Strong tea": nilipika chai kali ya watu wawili, nikainywa yote mimi. "Pay a visit": tangu Idi iliyopita hakuna aliyekuja kunizuru ila mtu wa bili ya maji. "Sincerely regret": najuta sana kwa neno nililolisema mlangoni, na sijui huanzwaje kulirudisha. "Poor eyesight": macho yangu yanafifia, daktari amenipa mpaka mwaka mpya, nami natamani kuuona uso wa mwanangu kwanza. Hapo nilishindwa kusoma. Benard ndiye aliyeendelea.

Barua zote uliniambia hujambo, nami nikaamini kwa sababu ndivyo tuandikavyo. Hata mistari ya barua yako ya Januari ilipandana, nikasema ulikuwa na haraka. Ile kadi nilikuwa nimeishika kwa vidole hivi, nikanakili mbele, nikaiweka kando. Ningeigeuza tu. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Niambie kama bado unaona. Niambie kama tuje. Benard ameomba likizo, tunangoja neno lako tu.

Mwanao asiyestahili,
Mejumaa


Kibokoni, Mombasa
9 Juni 1996

Kwa mwanangu Mejumaa,

Assalaam alaykum. Hati hii si yangu, ni ya Masha. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asirekebishe kitu.

Leo sitakwambia sijambo. Ni presha ya macho, na ilichochukua hairudishi. Jicho la kushoto lilizima Januari, siku chache baada ya kukuandikia. La kulia lilinivumilia mpaka mfungo ulipokwisha. Sasa najua mchana kwa joto lake tu. Barua zako za Februari na Machi hazikufunguliwa. Nilizipapasa, nikajua ni zako kwa ukubwa wa bahasha, nikaziweka chini ya mto. Sikutaka Masha azisome. Hii ya Mei nilimpa kwa sababu ilikuwa nene, nikaogopa kuna msiba.

Aliianza kwa sauti yake ile ile ya baraza. Alipofika kwenye kadi akaishusha, akasoma taratibu kama anayesomea mgonjwa. Nilimwonea haya, mwanangu. Miaka ishirini na minane nimesimama mbele ya darasa, na sasa kijana wa watu ananisomea aibu yangu chumbani mwangu.

Nikuambie na langu, maana kosa si lako peke yako. Disemba nilikuwa bado naona. Ulishaandika kwamba hamji, lakini nilitumai mtageuza nia: likizo nzima niliamka mapema, nikaoga, nikavaa leso mpya, nikatandika vitanda viwili. Gari moshi la Nairobi laingia asubuhi, nami nilihesabu muda wa mtu kushuka, kupata teksi, kufika Kibokoni. Ilipofika adhuhuri nilitandua. Niliamini umelisoma jina lake na bado umekataa. Ile barua yako ya Novemba niliifungua mara ya kwanza kwa haraka, nikitafuta siku ya kuja, nikaona tu kwamba hamji. Habari ya kutozigeuza kadi niliielewa baadaye, nilipoirudia na kioo cha kukuzia, na hapo nilikuwa nimeshachoka na hasira imeshakaa. Ningekuandikia mstari mmoja: mwanangu, geuza ile kadi. Sikuuandika. Nilikwambia uzitupe.

Na kwa nini nililiweka nyuma ya kadi? Kwa sababu kama mwalimu niliweza kuliandika, ni sentensi tu, mfano wa matumizi. Kama shangazi mkono uligoma. Nilitaka ulione bila mimi kukuonyesha. Huo ni ujinga wa mtu mzima, na umenigharimu uso wako.

Masha, andika hivi kwa herufi kubwa: BENARD. Mkwe wangu Benard, mume wa mwanangu, nakuomba radhi. Karibu kwako.

Mejumaa, usiniandikie tena. Zamani barua yako ikifika nilifunga mlango, nikaisoma peke yangu, na kwa muda ule ulikuwa wangu. Sasa kila neno lako lazima lipite kinywani mwa mtu mwingine kwanza, na hata awe mwema vipi, sitaki. Hii usiijibu. Njooni tu. Mlango wa chini hauna kufuli, ngazi wazijua.

Ukifika juu usisimame mlangoni ukaniangalia kimya. Wataka kulia, lia baadaye. Sema kwanza, nijue ni wewe.

Shangazi yako,
Mwanarusi