Jiwe Lililopanda Uluguru

Bakari, sahibu yangu,

Nakutolea salamu ile tunayoitoa tukipita makaburini, halafu nakaa kitako, maana magoti yangu hayana adabu tena. Daktari anasema moyo umechoka. Sikuhuzunika sana. Nilichokumbuka kwanza ni Uluguru.

Mwaka ule niliostaafu ualimu nilikuwa nimesoma kwamba mpanda mlima mwerevu hubeba mzigo mwepesi. Nikakata mpini wa mswaki. Nikakata hata kingo za ramani. Tulipokutana Ubena kusubiri basi la Morogoro, mimi nina kibegi kama cha mtoto wa chekechea, wewe umetoka Kiwangwa na mzegazega: ufito begani, kapu la mananasi mbele, kapu la mchele na sufuria nyuma. Mkeo Bi Tatu alijitwika mkeka na mbuzi ya nazi. Niliwacheka mpaka Morogoro. Wali wa nazi, hata hivyo, niliula kuliko ninyi wote.

Sasa nakiri. Asubuhi ya kwanza ya kupanda, ulipokwenda kunawa mtoni, nilichukua sweta langu, blanketi na kopo la tende, nikavisokomeza chini ya mananasi yako. Kisha nikajitolea kufunga na kufungua kapu lile siku zote tatu, nawe ukanisifu kwa adabu. Jioni nilipovaa sweta ukaniuliza, "Mwalimu, hicho kibegi kina majini? Mbona kinatoa nguo kuliko duka?" Nikacheka kuliko wote. Na miaka yote hii nimejidai barazani kwamba nilipanda Uluguru na kilo nne tu.

Siku ya maziko yako, ndugu zako walituomba tukusamehe kama ulitukosea. Nikaitikia na wenzangu kwamba tumekusamehe. Aibu iliyonishika, Bakari. Mkosaji ni mimi, na wa kunisamehe ndiye tunayemfukia.

Juzi binti yangu alinipeleka Kiwangwa, nikamweleza Bi Tatu yote. Alicheka hadi kanga ikamdondoka kichwani.

"Shemeji, mzegazega ukizidi upande mmoja, bega linajua tangu hatua ya kwanza. Alijua."

Miaka thelathini nimefundisha mizani ubaoni, nikasahau!

Akaniambia hukutaka kugusa kapu la mananasi, nisije nikatambua kwamba umenigundua. Uliokota jiwe, ukalitia kapu la nyuma, makapu yakalingana. Alipokukemea ukamwambia, "Mwache, ukimwambia atakosa raha ya kujidai." Kumbe ulinibebea mzigo wangu, na jiwe juu yake. Na jiwe lenyewe, ulilorudi nalo nyumbani, ni lile linalozuia mlango wenu, nililojikwaa kila Idi nikiuliza kwa nini hamlitupi.

Nikamuuliza kama ninaweza kusamehewa sasa. "Alikusamehe kule kule mlimani," akasema, akanikatia nanasi. Nililia kidogo. Kisha nikala.

Ijumaa baada ya Alasiri nitawaambia wazee wa barazani ukweli wote. Nakuahidi. Jiwe nimeliomba, nimepewa. Liko mapajani mwangu ninapoandika, zito kuliko nilivyodhani. Binti yangu anataka anibebee mpaka barazani. Nimemkatalia.

Pumzika, sahibu. Hili nitalibeba mwenyewe.

Mwalimu wako