Mdudu wa Jino la Shangazi

Itiryo, asubuhi ya mvua

Dada Bhoke,

Shangazi anakusalimu, ingawa leo anasalimia kwa upande mmoja wa mdomo.

Hapa kwake amefikia binti mtafiti wa chuo kikuu, anayekusanya mchwa na siafu. Jana tukila ugali wa mtama alitueleza kazi yake: anakamua maji ya wadudu aone kama yanaua wadudu wanaotoboa meno. Shangazi akaacha kutafuna. Gego lake la mwisho linamuuma, na Jumamosi kuna harusi yenye nyama choma.

"Wadudu wanaua wadudu?"

"Ndiyo, mama, ila bado tunajaribu maabarani."

Hilo la maabara Shangazi hakulisikia. Leo tumesikia yowe jikoni: alikuwa amechukua siafu mzima wa mtafiti, akamweka juu ya jino, naye siafu akashika ufizi. Mtafiti akambandua kwa kibano, akaeleza kwamba wadudu wa meno ni bakteria, hawaonekani kwa macho.

"Sasa mwanangu," Shangazi akasema, "wangu haonekani, wako anaonekana na ameniuma. Dawa ni yupi?"

Kesho nampeleka Tarime kwa daktari wa meno, huenda gego likazibika. Siafu amefungiwa kwenye kiberiti, tunakwenda naye. Shangazi anasema daktari akidai jino lina mdudu, atamjibu kwamba mmoja tayari amemkamata.

Piga mswaki, dada yangu. Nakutakia uzee wenye magego.

Mdogo wako,
Chacha