Mama Amekuja Kulipa Umeme Wake

Jumamosi, katikati ya mwezi wa saba. Lushoto kuna baridi, na ukungu umekaa juu ya mabati tangu asubuhi kama hauna pa kwenda.

Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kuandika. Nimetoka zamu ya usiku hospitalini, nimezunguka mjini, na sasa jioni inaingia. Ningelala. Lakini nisipoyaandika leo, wiki ijayo nitayakumbuka vibaya.

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoanzisha yote.

Mama yangu anaishi Rangwi, peke yake, tangu Baba afariki. Ana umeme, ana bomba la maji uani, na ana king'amuzi ambacho mdogo wangu Deo alimnunulia ili aangalie misa na taarifa ya habari. Vyote hivyo vinataka kulipiwa. Mimi ndiye mtoto wa karibu, kwa hiyo kwa miaka mingi bili za Mama zilikuwa zangu. Mwanzoni nilikuwa nazipeleka mwenyewe. Nikitoka zamu napanda gari, namlipa mweka hazina wa kamati ya maji, nanunua umeme, nakula kwa Mama, narudi. Baadaye miguu ikaanza kuniuma, nikawa natuma bahasha kwa dereva wa Noah ya abiria. Bahasha nyingine zilifika, nyingine zilichelewa, moja haikufika kabisa na dereva akabadilisha njia. Zilipokuja huduma za simu nikawa nalipa kwa simu nikiwa wodini, katikati ya dawa za saa mbili na dawa za saa nne.

Bado nilikuwa nasahau. Februari nilisahau maji, wakamfungia bomba. Jirani ndiye aliyeniambia.

Basi Deo, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam na hapendi mambo ya kukumbushana, akasema tuache kuteseka. Maji na king'amuzi benki ikate yenyewe kwenye mshahara wake kila mwezi. Umeme wa luku atanunua yeye kwa simu, namba ziingie moja kwa moja kwenye simu ya Mama. Mama asubiri tu meseji, jirani amsaidie kubonyeza namba kwenye mita.

Nilifurahi sana. Niseme ukweli, nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Mwezi wa kwanza wa mpango huo nililala Jumamosi nzima.

Mwezi wa pili pia sikwenda Rangwi. Wa tatu nikasema nitakwenda mvua zikipungua.

Mvua zilipungua.

Wiki mbili zilizopita jirani yake, Mama Hadija, akanipigia. Alinisalimia kwa utulivu, akaulizia watoto, akaulizia kazi, ndipo akasema nyumba ya Mama haiwaki taa siku kadhaa sasa. Akienda kumbonyezea namba za luku, Mama anamwambia aache, kuna jambo analisubiri. Na jana yake Mama alishika kioo cha taa ya chemli kikiwa bado cha moto, mkono umeungua.

Nilimpigia Deo kwanza, kwa hasira. Akanitumia meseji za malipo zote, moja baada ya nyingine. Umeme umenunuliwa. Maji yamelipwa. King'amuzi kimelipwa. Hakuna alichokosea.

Nikabeba chachi na dawa ya kuungua, nikaenda.

Mama alikuwa jikoni, anachambua maharage kwa mkono mmoja, mwingine ameufunga kitambaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kuchambua. Nikamsafisha kidonda. Hakikuwa kibaya, ila kilikuwa kwenye kiganja, mahali panapouma. Nikamwomba simu. Namba zote zilikuwemo, hakuna hata moja iliyobonyezwa. Nikamuuliza kwa nini anakaa gizani na umeme upo mkononi.

Alijibu kwa Kisambaa, taratibu, bila kuniangalia. Alisema zamani nilikuwa nakuja na hela ya maji, nakaa, tunakula. "Sasa maji yanajilipa. Taa inajilipa. Nani atakuja, na aje kufuata nini?"

Ningeweza kumwomba radhi. Mtoto mwema angeomba. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimekaa garini nikisinzia kwenye bega la mtu nisiyemjua, na nyumbani nimeacha nguo zimelowekwa. Nikajikuta nasema, tena kwa Kiswahili, maana kwa Kisambaa ningelia:

"Mama, nimechoka."

Sijawahi kumwambia Mama hivyo. Kwetu mama ndiye huchoka. Yeye ndiye aliyelima, akabeba kuni, akatusomesha kwa kabichi na karoti. Mimi nakaa kwenye jengo lenye vigae, nina mshahara. Nilitegemea anikumbushe hayo.

Aliacha maharage. Akaniangalia, halafu akanimiminia chai na kusogeza kigoda karibu na moto.

"Kwa nini hukusema?"

Nikapuliza chai.

"Miguu yangu mizima," akasema. "Kanisani naenda, shambani naenda. Lakini nyinyi mmenifunga hapa kama mbuzi, halafu mnapokezana kuniletea majani. Nani aliwaambia siwezi kuja Lushoto?"

Hakuna aliyetuambia. Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi na Deo tumebishana miaka yote kuhusu bahasha, simu na benki, nani alipe na kwa njia gani, na hata siku moja hatukumuuliza mwenye bili. Tuliona ni mzee, na mzee hutembelewa.

Akatoa masharti yake. Hela ya bili tutume, hakatai, tumesoma na tuna kazi. Nauli tutume. Ila kulipa atalipa mwenyewe, mara moja kwa mwezi, mjini, na akimaliza atakula kwangu.

Jioni ile alikubali taa iwashwe. Nilibonyeza namba mwenyewe, mita ikalia, nyumba ikawaka. Akasema sasa naona jinsi ulivyokonda.

Leo ndiyo amekuja.

Nilimpokea stendi nikiwa na macho mekundu. Alishuka na kanga mpya, sweta ya Baba, viatu vya kanisani, na kiroba cha viazi kilichonifanya nijiulize ni nani alimsaidia kukipakia. Mkono umepona, umebaki na ngozi nyepesi ya rangi ya waridi. Nilitaka twende nyumbani kwanza apumzike. Akasema hakuja kupumzika.

Kwa wakala wa malipo kulikuwa na foleni. Mimi ningeweza kumaliza yote kwa simu nikiwa nimesimama palepale, na kidole kilikuwa kinaniwasha. Nikairudisha simu mfukoni. Mama akapata mwenzake wa kuongea, mzee mmoja kutoka Bumbuli aliyekuja kutafuta mbegu za viazi, wakalinganisha baridi ya kwao na ya kwetu mpaka zamu ikafika. Dada wa wakala alimwita bibi, akamwamkia vizuri, akamaliza umeme, maji na king'amuzi. Mama akaomba risiti. Dada akaeleza kwamba meseji imeshaingia kwenye simu. Mama akasema meseji ameiona, anaomba na ya karatasi. Nyuma yetu watu wakaanza kuhema. Dada akachana kipande cha daftari, akaandika, akapiga mhuri. Mama akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kanga, akamwambia asante mwanangu, Mungu akubariki.

Nilisimama pembeni nimeegemea ukuta. Nilikuwa nimechoka, naona aibu kidogo kwa foleni, na moyoni kuna kitu kilichokuwa kinacheka.

Tulipofika nyumbani aliniangalia nikihangaika na mkaa. Akaninyang'anya kipepeo. Akasema nenda kalale. Nikasema wewe ni mgeni. Akasema mimi ni mama yako, kalale.

Nililala. Sikumbuki mara ya mwisho kulala mchana nikisikia mtu anamenya viazi jikoni kwangu. Nilipoamka nyumba ilikuwa inanukia maharage na vitunguu, nguo zimeanuliwa, na watoto wamekaa kimya wanamsikiliza akiwasimulia jinsi nilivyokuwa mkaidi. Hawakujua kwamba nilikuwa mkaidi. Sasa wanajua.

Alikataa kulala. Ana kuku, na kesho ana zamu ya kufagia kanisa. Nikampeleka stendi, nikamtafutia kiti cha mbele. Hakuniaga kwa maneno mengi. Alisema mwezi ujao nimtafutie saa ambayo foleni ni ndefu, maana yule mzee wa Bumbuli hakumaliza habari yake.

Sijui itadumu. Ana umri wake, barabara ina makorongo, na mwakani pengine magoti yatasema vingine. Deo alinipigia nilipokuwa narudi, ana wasiwasi, anauliza kama ule mpango wa benki aliousimamisha mwezi huu aufute kabisa au aurudishe kwa usalama. Nilikuwa tayari kumjibu. Nimezoea kumjibu. Kisha nikaona uvivu, uvivu mzuri, nikamwambia bili ni za Mama, amuulize Mama.

Akasema sawa.

Saa moja baadaye nilimpigia Mama kujua kama amefika salama. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikasubiri, nikapiga tena. Inatumika. Nikaosha vyombo, nikapiga tena.

Bado wanaongea.

Nimeiweka simu chini, nimejimiminia chai. Nimechoka bado, lakini leo ni uchovu ambao nikilala tu utaisha.