Mwanga Kichwani mwa Dafroza

Dafroza amempa mtoto jina. Kwa mdomo wake mwenyewe, jana asubuhi, na mimi nilikuwepo.

Sasa ndiyo nikusalimu, Baba Dafroza. Hujambo, na mguu wako umepona? Huku Gitega sisi wazima, tunalala kwa yule binamu yangu fundi cherehani, na mjukuu wako amenenepa hadi kitenge cha kumbebea kinanikaba. Nimeandika kwa sababu wewe simu unaifungulia sauti baa nzima isikie, na haya ni ya macho yako tu.

Unakumbuka tulivyotoka nyumbani Butihinda. Miezi saba mtoto anaitwa Kibondo, yaani kichanga tu, kama mtoto yeyote asiye na jina, maana mama yake hakutaka hata kumtazama. "Mmenipa mtoto wa mtu mwingine," alikuwa anasema, taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Na mama mkwe wake kule Muyinga ameshasema: mtoto asipotolewa nje na kupewa jina na mama yake, anakuja kumchukua amlee yeye.

Ulisema nitapotea mjini. Mimi wa darasa la tano la kambi ya wakimbizi ndiye niliyemsomea Dafroza karatasi ya hospitali neno kwa neno kabla hajatia sahihi, na daktari akaniambia, "Mama, ungekuwa mwalimu." Ni utafiti. Mgonjwa wa huzuni anavishwa kofia yenye taa ndogondogo ndani, anakaa nayo nusu saa, mara tatu kwa wiki. Mwanga wake jicho haliuoni. Unapita ngozi na mfupa wa paji la uso, unakwenda kuuamsha ubongo. Lakini kofia nyingine haziwaki. Zinavuma tu sawa na zile zinazowaka. Nani ana ipi, hata daktari hajui mpaka orodha ifunguliwe mwishoni.

Mimi niliwatangazia wote pale kwenye kibaraza cha hospitali kwamba ya binti yangu inawaka. Wiki ya pili alikula bila kulazimishwa. Wiki ya tatu aliomba sabuni, akafua nguo zake na zangu. Mwenzake wa kiti cha pili, Yolanda, mjane mpole wa Ryansoro, yeye bado alikuwa anashika kikombe mpaka chai inaota ngozi.

Wiki iliyopita nikataka picha ya kumringishia mama mkwe wake. Nikainua simu. Baba Dafroza, kwenye kioo cha simu paji la Yolanda lilijaa vitone vya zambarau, mistari mistari, kama macho ya wadudu. Nikashusha simu: kofia nyeusi tu. Nikainua: vinanitazama. Kumbe kamera ya simu inauona mwanga ule ambao jicho haliuoni. Nikageuzia kwa Dafroza. Giza. Nikafuta simu kwa kitenge, nikasogea karibu nimguse. Giza.

Na yeye, macho amefumba, akasema, "Mama, leo mwanga ni mkali. Unanifika nyuma ya macho."

Mtoto mgongoni kwangu akanyoosha shingo, akalitazama lile paji la mama yake, akacheka.

Nilimwuliza daktari kwa kuzunguka, kama ninayeulizia mtu mwingine: kofia isiyowaka inaweza kuponya? Akasema, "Inatokea, Mama. Anapona kweli, hadanganyi. Ndiyo maana tunapima."

"Na akiambiwa haikuwaka?"

Akavua miwani. "Wengine hawatetereki. Wengine, sijui."

Basi jana nachambua mchele, Dafroza akasema, "Nipe Kaze."

"Kaze ndiye nani?"

"Mama, unazeeka. Si huyo uliyembeba."

Kaze, yaani karibu, kama tunavyomwambia mgeni. Akampokea, akamnusa utosini, akamwuliza, "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Akamtazama mdomoni, kama anayesubiri kujibiwa. Nililia mpaka binamu akaacha cherehani. Lakini nikuambie yote: kila asubuhi Dafroza huinua paji lake kuelekea kona ya chumba isiyo na dirisha, ametulia kama anayeota jua. Simwulizi.

Sijamwambia mtu ila wewe. Yolanda namwonea haya. Nilimpelekea uji, akasema, "Binti yako amebahatika kupata mwanga," nikaitikia ndiyo.

Orodha itafunguliwa Jumatatu, si hii ijayo, ile inayofuata. Kabla ya hapo nataka Kaze atolewe nje, mama yake amtaje kwa sauti, mama mkwe akisikia. Jina likishasikiwa na watu wengi halirudi kinywani. Jumatatu ikivunja kitu, isivunje hilo.

Kwa hiyo vundika ndizi za pombe leo. Nisalimie kaka yako mkubwa, aje na koti lake; dada yangu mkaanga maandazi; na jirani aliyesimamia ndoa yetu. Mama mkwe mwambie kwa heshima, na umwambie pia kwamba uzuri wa mjukuu umetoka upande wetu. Ya kofia, yameze.

Mkeo anayekuheshimu na kukushinda kusoma,
Mama Dafroza

Wote waje Muyinga, kwa huyo mama mkwe wa Dafroza, saa nne asubuhi. Siyo Jumapili. Jumamosi ya wiki ijayo.