Unabii Nilioutunga Wodini

Mpendwa mama mshauri, naomba unisaidie kabla sijachelewa, ingawa kila nikihesabu siku naona kama nimeshachelewa, na barua hii naiandikia kwenye chumba cha magazeti ya zamani hapa maktaba ya chuo, mlango nimeurudisha, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu atakayeingia na kuniita mchungaji.

Nina miaka thelathini na sita, nina mke na binti mmoja, nilikuwa fundi umeme miaka kumi na moja kabla sijaitikia wito, na sasa niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya theolojia na huduma, na mambo ya darasani hayakunishinda, hata Kigiriki nilikifukuza mpaka nikakikamata, lakini muhula huu wametupeleka hospitali kwa mafunzo ya vitendo, kila mmoja na wodi yake, kazi yetu kukaa na wagonjwa, kuwasikiliza, kuomba nao wakitaka, na kabla hatujaenda mhadhiri wetu, mama mmoja mchungaji asiyecheka ovyo, alitukazia jambo moja mpaka tukalichoka, kwamba mgonjwa akikuuliza kama atapona usimwahidi kitu, kaa naye, na kama huna neno nyamaza, maana kimya nacho ni huduma.

Kwenye wodi yangu alikuwepo mama mmoja mshonaji, mjane wa miaka hamsini na kitu, ana kisukari na kidonda cha mguu wa kulia kilichoanza kama mchubuko wa kiatu tu, na asubuhi hiyo daktari alikuwa amemwambia vidole vimeshaoza, mguu ukatwe juu kidogo ya kifundo, kesho yake, atie sahihi, na mimi nilimkuta ameikalia ile fomu, ameikalia kweli, hataki hata kuiona, akanishika mkono akasema, "Mchungaji, huu ndio mguu wa cherehani. Huu ndio unaokanyaga. Niambie wewe unayezungumza na Mungu, utakatwa?"

Mama mshauri, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa mchungaji na mtu asiyenitania, na nilinyamaza kama tulivyofundishwa, nikahesabu moyoni mpaka ishirini, na yule mama hakuniachia mkono wala hakuniondolea macho, harufu ya kidonda ikawa inanipanda kichwani, nikaona kimya kinanizidi nguvu, nikaogopa, ndilo neno lenyewe, niliogopa, mdomo ukafunguka nikasema, "Mama, naona mguu huu haukatwi." Akaniuliza, "Umeonyeshwa?" Hapo bado nilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Nikasema, "Nimeonyeshwa."

Sikuonyeshwa kitu.

Kesho yake nilifika nikakuta kitanda chake kinatandikwa upya, na muuguzi wa zamu amekunja uso, akaniambia, "Amekataa kusaini, kaondoka. Anasema kuna mtumishi kamwambia asikatwe. Wewe unamjua huyo mtumishi?" Nikajibu simjui, na nilijibu haraka, bila hata kumeza mate.

Sasa chuoni kila wiki tunaandika taarifa ya mazungumzo yetu na mgonjwa mmoja, neno kwa neno, yeye alisema nini na wewe ulijibu nini, na mimi niliandika kwamba mama aliniuliza swali lile, mimi nikanyamaza, akalia, nikampa maji, akashukuru, na mhadhiri aliisoma taarifa yangu mbele ya darasa zima, yeye asiyesifu mtu, akasema, "Hivi ndivyo mchungaji anavyokaa na mgonjwa," na wenzangu wakapiga makofi, na kutoka siku hiyo nikimwona mhadhiri kwenye korido nageuza njia, kwa sababu kila anapotabasamu naona ndiyo siku ameshajua.

Wiki iliyopita binti wa yule mama alinikuta kwenye dirisha la dawa, amekuja kuchukua bandeji, akaniuliza, "Wewe ndiye mchungaji wa mama?" Nikaitikia. Akasema, "Mama anakusalimu. Anasema umwombee imani isipungue, maana juzi kidole kimoja kimebaki kwenye soksi. Anasema ndiyo ugonjwa unatoka." Halafu akasogea karibu, akashusha sauti, "Mimi nilimwambia turudi hospitali, akanifukuza, eti nisimletee mashaka ndani ya nyumba. Sibishani na Mungu, mchungaji. Lakini naomba uniambie ukweli, kweli ulionyeshwa?" Mama mshauri, nilimtazama yule binti, nikamwambia, "Tuendelee kuomba." Akanishukuru, akaniandikia wanapoishi kwenye kipande cha karatasi, ninacho mfukoni mpaka sasa, kimeloa jasho.

Tangu hapo silali vizuri wala sili, simu ikilia naogopa kuitazama nikidhani ni habari ya msiba, nikisikia mtu anashuka ngazi kwa haraka naona anakuja kwangu, na kuomba kumenishinda kabisa, nikifumba macho naona soksi. Kwenye umeme nilijua nikikosea nakimbilia wapi, kuna swichi kuu, unazima kisha unatafuta kosa, lakini neno nililolisema sijui linazimwa wapi. Wazee wa kanisa wameshapanga tarehe ya kuniwekea mikono niwe mchungaji, zimebaki wiki tano, mke wangu ameshawaalika mpaka jamaa wa mbali na hajui lolote. Kuna saa najiambia labda Mungu ataona aibu yangu atende muujiza, kisha naogopa zaidi, kwa sababu namwomba aniondolee mimi aibu, simwombei yule mama mguu. Nikimwambia ukweli si nitamvunja imani afe na majonzi? Au nimalize mitihani kwanza? Nambari yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nifanye nini?

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho


MSHAURI ANAJIBU

Kijana wangu,

Barua za ukurasa huu husubiri zamu wiki tatu, hata nne. Yako niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye soksi niliiweka mezani nikapiga simu. Naichapa kwa ruhusa yako, na wasomaji wangu wakitaka kujua mambo yaliishia wapi, wacha niseme kwanza yaliyotokea, kisha nimalizie kukukaripia.

Ulipokea unanong'ona. Nikakuuliza, "Umeshakwenda kwa huyo mama?"

"Bado. Nasubiri ushauri wako."

"Ushauri ndio huu. Kata simu, nenda. Na ukifika usimzungushe kwa salamu."

Ulikwenda, hilo nakupa. Jioni ulinisimulia. Ulimkuta cherehanini anakanyaga kwa mguu wa kushoto, wa kulia umelazwa kwenye kigoda umefungwa shuka. Ukasema, "Mama, sikuonyeshwa kitu. Niliogopa swali lako, nikakudanganya." Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, akasema, "Rudia." Ukarudia. Akakutazama, akasema, "Siku kumi na tisa nimekaa na mguu unaooza, nikamshukuru Mungu mpaka kwa harufu. Kwa ajili ya neno lako." Kisha akasema, "Toka." Ulipofika uani binti yake alikuwa ameshaanza kutafuta gari.

Walimpasua kesho yake. Yuko hai. Lakini mguu ambao ungekatwa penye kifundo umekatwa juu ya goti, na daktari alimwambia binti kwamba siku tatu zaidi zingemzika. Amesema hataki kukuona.

Sasa nisikilize. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa ulimi, dole limekwenda la mwenzio. Sikulaumu kwa kuogopa. Mtu gani mwenye damu asiyeogopa kushikwa mkono na kuulizwa vile? Mimi mwenyewe nilimwambia marehemu mume wangu atapona, na wote wawili tulijua hatapona. Lakini mimi nilisema kama mke. Wewe uliichukua hofu yako ukaitia sahihi ya Mungu, ukamkabidhi mjane mgonjwa, naye akaitii. Alipokuuliza kama umeonyeshwa, ukaitikia. Ulipoulizwa na muuguzi ukakana. Ulipoulizwa na binti, aliyekuomba ukweli kwa maneno yasiyo na fumbo, ukajificha nyuma ya maombi. Mara tatu mlango ulifunguliwa mbele yako, na mara tatu uliufunga kwa mkono wako.

Halafu juzi ukanipigia tena na swali lililonichefua: eti kwa kuwa mama ameshapasuliwa, kuna haja gani ya kumweleza mhadhiri habari ya ile taarifa? Ile taarifa inasomwa darasani, bwana! Mwakani mwanafunzi mwingine ataambiwa aige kimya chako, kimya ambacho hukukinyamaza. Na mficha maradhi, unajua mwenyewe nani humuumbua. Muuguzi ana macho, binti ana mdomo, na hospitali ina kumbukumbu. Hofu uliyonayo sasa ni ya mtu anayesubiri kukamatwa, na haitaisha kwa kusubiri.

Kwenye simu hiyo umeniuliza pia kama chuo watakufukuza. Sijui. Inawezekana. Umeniuliza kama Mungu bado anakutaka. Hilo nalo silijui, na wewe kwa sasa usimjibu mtu yeyote swali la namna hiyo.

Ninayoyajua ni haya. Nani amwambie mkeo kama si wewe? Mwambie leo, kabla ya chakula, mtoto akiwa kwa jirani, na usimwombe akufariji. Yeye ndiye atakayewapigia jamaa kuwaambia wasije, ana haki ya kujua kwa nini. Wazee wa kanisa waandikie wewe uombe kuahirishwa, usingoje waahirishe wao, na uandike sababu yenyewe, usiseme "mambo ya kifamilia". Lakini usiandike kwamba unaacha chuo. Kuacha kwa aibu ni kukimbia kwa mlango wa nyuma. Wakitaka kukuondoa, wakuondoe wao, ukiwa umesimama pale.

Hospitali nenda kamtafute muuguzi yule yule, umwambie mtumishi ni wewe. Atafoka. Mwache afoke.

Na yule mama usimwendee. Amesema toka, na toka maana yake toka. Najua unataka akusamehe ili uweze kulala, lakini msamaha wa mgonjwa si kidonge chako cha usingizi. Mwambie binti kwamba upo: kama kuna cha kubeba, cha kununua sokoni, taa ya kutengeneza, akuite, na akikuita uende na bisibisi, Biblia uiache nyumbani. Asipokuita mwaka mzima, ndiyo majibu yake hayo. Siku yule mama atakapotaka kusema nawe, kama atataka, utakwenda, utakaa, utasikiliza mpaka amalize, na hutajitetea.

Mhadhiri wako huingia ofisini Ijumaa saa mbili asubuhi, umeniambia mwenyewe. Saa mbili kasoro robo uwe mlangoni na ile taarifa mkononi. Akikukaribisha kiti, usikae kwanza. Sema, "Nilidanganya." Ndipo ukae.